Kufunga koki ya stenlesi kwenye deli la togwa

Togwa ya kwanza tuliyoipeleka stendi ya Kange kwa deli, lile sanduku la plastiki la kutunzia baridi au joto, ilifika imepungua, na hakuna aliyekuwa amekunywa hata kikombe. Nje ya deli palikuwa pakavu. Tulidhani tumekosea kupima. Wiki ya pili nikaliinua deli tupu baada ya kuoshwa, nikaona ni zito kuliko siku tulipolitoa dukani. Nilipoliegemeza upande nikasikia maji yanacheza, si ndani ya deli, ndani ya ukuta wake. Nikang'oa koki ya plastiki iliyokuja nalo. Kwenye tundu yalitoka majimaji ya kijivu yenye harufu kali ya uchachu, na povu la manjano lililojazwa katikati ya kuta mbili lilikuwa limelowa kama sifongo.

Nimeandika mwongozo huu ili mwenzangu asipitie hayo. Unamfaa anayetengeneza togwa, na unamfaa pia mwenye deli la juisi ya ukwaju au la maji ya baridi, kwa kuwa ukuta ni ule ule na koki mbovu ni ile ile. Nitashikilia togwa kwa sababu ndiyo kazi ngumu zaidi: deli linabeba kitu cha moto, kizito, na baadaye kichachu.

Mke wangu ni mtu wa Songea, na togwa kwao ni kinywaji cha kila siku. Hapa Tanga tunaitengeneza nyumbani Makorora. Tunapika uji wa unga wa mahindi hadi uive kabisa, tunauacha upoe kidogo, tunaumimina kwenye deli, kisha tunakoroga kimea cha ulezi. Uji unapoiva wanga wake huvimba na kufunguka. Kimea kina vimeng'enya vinavyoukata wanga huo kuwa sukari, ndiyo maana ndani ya nusu saa unauona uji uliokuwa unashikilia mwiko umelegea na kuwa mtamu bila sukari ya dukani. Kazi hiyo inataka joto la nyuzi 60 hadi 65 hivi. Ukiweka kimea kwenye uji ulio juu sana ya nyuzi 75, vimeng'enya vinaharibika upesi na uji unabaki mzito. Ukiweka umepoa mno, kazi inasuasua na vijidudu vya uchachu vinawahi kabla ya utamu. Sufuria inapoa upande mmoja na kuungua upande mwingine. Deli linashika joto kwa saa nzima bila kuni. Baada ya hapo togwa inapoa na kulala usiku kucha, inachachuka kidogo, na asubuhi inatoka kwa koki moja kwa moja hadi kwenye kikombe cha mteja.

Kwa hiyo koki inapata mambo matatu: joto, unene na asidi. Ile ya plastiki ya kubonyeza haikutengenezwa kwa lolote kati ya hayo. Tundu lake ni jembamba, makapi ya kimea yanakwama. Plastiki yake ikipata uji wa moto mara kwa mara inapinda, na washa yake, ile pete ya kuzibia, inakakamaa. Tena haifunguki ukaiosha ndani.

Koki ya kununua

Nunua koki ya mpini, ile mafundi bomba wanaiita bolvalvu: ndani ina tufe lenye tundu, mpini ukilala sambamba na bomba imefunguka, ukikingama kabisa imefungwa. Chukua ya nusu inchi, ya stenlesi, na kabla ya kulipa ifungue uchungulie. Zipo ambazo tundu la tufe ni dogo kuliko bomba lenyewe. Yenye tundu la milimita 15 inapitisha zaidi ya mara mbili ya yenye milimita 10, na kwa kitu kizito kama togwa tofauti ni kubwa kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha.

Kama utaipata yenye vipande vitatu, inayoshikwa kwa boliti nne, lipa hiyo nyongeza. Utaniamini utakapofika kwenye kuosha.

Usichukue ya chuma kilichopakwa zinki. Togwa ni chachu, na asidi yake inakula zinki. Mteja atakunywa kile kilicholiwa. Shaba ya njano ni ngumu na inapatikana kila duka, lakini nyingi huchanganywa risasi kidogo ili ichongeke vizuri, na mimi sipendi kinywaji kichachu kilale ndani yake usiku mzima. Kwa deli la maji ya kunywa nisingegombana na mtu. Kwa togwa na ukwaju, stenlesi.

Vifaa vingine ni hivi: nipo (kipande cha bomba cha kuungia) ndefu ya stenlesi ya nusu inchi yenye thredi kuanzia mwanzo hadi mwisho, nati mbili za kuingia humo, washa bapa mbili za stenlesi, elbo (kiungo kilichopinda kama kiwiko) moja ya stenlesi ya nusu inchi, tepu nyeupe ya bomba, kipande cha bomba la plastiki cha kutengenezea bushi, na silikoni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kukata washa: mkeka wa silikoni wa kuokea keki unafaa sana, unavumilia joto la oveni na hauna ladha. Ya pili ni silikoni ya tyubu inayoruhusiwa kugusa chakula. Soma kwenye tyubu kabla ya kununua, kwa kuwa zile za bafuni nyingi zina dawa ya kuzuia ukungu.

Mji wetu una baiskeli nyingi, na kila nyumba ina tyubu iliyotoboka, kwa hiyo fundi wa kwanza utakayemuuliza atakuambia ukate washa kwenye tyubu. Kwa pampu ya maji ya bustani, sawa. Kwenye togwa ya moto ule mpira unatoa ladha yake, na baada ya muda unaanza kulainika na kunata. Nimejaribu, nikamwaga togwa ya siku nzima.

Pima kabla ya kukata

Nipo ya nusu inchi ina upana wa nje wa karibu milimita 21, basi tundu lake ni milimita 22. Urefu wa nipo unategemea unene wa ukuta. Deli langu lina ukuta wa sentimita 4. Ongeza unene wa washa zote na nati, ongeza sentimita moja na nusu ya kuingia kwenye elbo kwa ndani na nyingine kama hiyo ya kuingia kwenye koki kwa nje. Mimi nilinunua nipo ya sentimita 10 na ikanitosha bila kubaki. Kama deli lako tayari lina tundu la koki, pitisha waya uliopindwa kichwani uukamate ukuta wa ndani, weka alama kwa kidole upande wa nje, uchomoe upime. Usikisie kwa macho.

Kisha amua urefu kutoka chini. Hapa watu wengi wanapoteza mali bila kujua. Deli lenye kitako cha ndani cha sentimita 40 kwa 30, tundu likiwa sentimita 3 juu ya kitako, linabakiza 40 mara 30 mara 3, yaani sentimita za ujazo 3,600: lita 3.6 ambazo koki haizifikii. Ukitoboa chini kabisa, nati na washa hazitapata pa kukaa, kwa sababu kona ya deli imepinda. Dawa ni elbo ya ndani inayotazama chini. Inavuta kama mrija mradi mdomo wake haujapata hewa, na kwa kuuacha sentimita moja juu ya kitako, ile lita 3.6 inakuwa 1.2. Hiyo iliyobaki utainamisha deli. Tundu lenyewe nililiweka kitovu chake sentimita 4 juu ya kitako.

Kutoboa

Kuta za deli ni mbili, na povu katikati. Ukitoboa tundu moja la milimita 22 toka nje hadi ndani, ukapitisha nipo na kukaza nati, utaona kuta zinaingia ndani, zinabonyea. Unakaza tena, zinabonyea tena. Povu halina nguvu ya kuzuia. Washa haipati mahali pagumu pa kukandamizia, na siku uji wa moto unapoingia plastiki inalegea na koki inaanza kucheza. Togwa yangu ilipita hapo hapo.

Inahitajika bushi: kipande cha bomba gumu la plastiki kinachokaa katikati ya kuta, nipo ikipita ndani yake. Nenda dukani na nipo yako mkononi, tafuta bomba ambalo nipo inapita kwa nafasi ndogo. Langu lilikuwa na upana wa nje wa milimita 32. Maduka ya vifaa vya ujenzi Ngamiani hukukatia kipande kifupi ukiomba kwa adabu; ukikosa, tembelea fundi bomba yeyote, chini ya benchi lake hamkosekani vipande.

Anza na biti ndogo ya milimita 3. Toboa ukianzia ndani, drili ikiwa imenyooka kabisa, hadi itokeze nje. Hilo ndilo tundu la kukuongoza pande zote mbili. Sasa hamia nje na msumeno wa mduara wa milimita 32, ule kama kikombe chenye meno. Kata ukuta wa nje, endelea polepole kwenye povu, na simama kabla ya kugusa ukuta wa ndani. Nilifunga tepu kwenye kikombe cha msumeno kuonyesha kina cha sentimita tatu na nusu, na povu lililobaki nikalikwangua kwa kijiko. Usiwe na haraka hapa. Ukiupita ukuta wa ndani kwa kikombe kikubwa, deli hilo halitabeba togwa tena.

Mwisho rudi ndani, toboa ukuta wa ndani peke yake kwa milimita 22. Zungusha drili taratibu. Plastiki ikipata moto inayeyuka na kuacha midomo. Midomo hiyo iondoe kwa kisu kikali na msasa laini, maana washa ya silikoni haizibi juu ya kitu kilichoparuza.

Kata bushi. Inatakiwa ikae juu ya mgongo wa ukuta wa ndani na iishie sawasawa na uso wa ukuta wa nje, isizidi, isipungue. Ikizidi milimita mbili, washa ya nje itakaa juu ya bushi peke yake na haitaushika ukuta wa nje. Ikipungua, kuta zitabonyea. Kwa hiyo kata ndefu kidogo, kisha sugua kwenye msasa uliotandazwa juu ya sakafu hadi ifike.

Kabla ya kuiingiza, paka silikoni ya chakula kwenye povu lote lililo wazi ndani ya shimo, na uzungushe ukanda wa silikoni pale bushi inapokutana na ukuta wa ndani. Ingiza bushi, futa iliyozidi, uache ikauke saa 24. Upande wa nje usiuzibe.

Hilo la mwisho mafundi wawili walinibishia. Wote walitaka nijaze silikoni kila mahali. Lakini fikiri: siku washa ya ndani itakapochoka, na itachoka, togwa itaingia ndani ya bushi. Ukiwa umeziba nje, itatafuta njia ya kwenda kwenye povu, nawe hutaona chochote hadi deli linuke. Ukiacha nje wazi, na povu likiwa limezibwa kwa silikoni, togwa haina pa kwenda ila kutoka mbele yako. Tone la kwanza litakuambia. Mimi hata washa ya nje nimeikata mfereji mdogo kwa chini ili tone lipate njia.

Kuunganisha

Kata washa za silikoni: tundu liwe dogo kidogo kuliko nipo, ili lijibane, na upana wa nje uwe kama wa washa bapa. Mkeka wa kuokea ni mwembamba, nilitumia tabaka mbili kwa upande wa ndani.

Kuna njia mbili ambazo togwa inaweza kupita, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni kati ya washa na ukuta. Hiyo inazibwa na silikoni ikikandamizwa. Ya pili watu huisahau: togwa inapanda ndani ya thredi za nipo, inazunguka kama ngazi ya mnara, na kutokea upande wa pili hata kama washa imekaza vizuri. Hiyo inazibwa na tepu nyeupe. Zungusha tepu kuelekea upande ambao nati inakazwa, mizunguko mitano au sita, ukiivuta ili izame kwenye thredi, kwenye ile sehemu hasa itakayokaa chini ya washa na nati ya ndani.

Mpangilio toka ndani kwenda nje ni huu: elbo, nati, washa bapa, washa ya silikoni, ukuta wa ndani, bushi, ukuta wa nje, washa ya silikoni yenye mfereji, washa bapa, nati, koki. Shika nati ya ndani kwa spana isizunguke, kaza ya nje. Kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha robo mzunguko kwa spana. Angalia silikoni ya ndani: ikianza kuvimba kidogo pembeni mwa washa bapa, acha. Ikichomoza nje kama ulimi umekaza mno, ilegeze uipange upya. Elbo iishie kutazama chini. Koki nayo ifunge na tepu yake, mdomo chini, na mpini uwe na nafasi ya kuzunguka bila kugonga deli.

Kulijaribu

Usianze na togwa. Jaza maji ya kawaida hadi sentimita kumi juu ya koki. Kausha nje kabisa, funga karatasi ya chooni kuzunguka nati na chini ya koki, subiri saa moja. Karatasi inaonyesha hata unyevu ambao kidole hakiuhisi.

Ikiwa kavu, mwaga, ufanye jaribio la moto. Changanya maji yanayochemka sehemu tatu na ya bomba sehemu mbili. Kwa maji ya bomba ya huku kwetu, yaliyo kwenye nyuzi 28 hivi, utapata karibu nyuzi 71. Mimina, funika, weka karatasi mpya, subiri saa nyingine. Usimimine maji yanayotokota moja kwa moja: ukuta wa ndani wa madeli mengi hulainika na kujikunja, na hata uji wenyewe usubiri ushuke hadi nyuzi 70 na kitu ndipo uingie. Kipimajoto cha jikoni kitakulipa ndani ya wiki moja. Baada ya jaribio la moto acha deli lipoe kabisa, kisha rudia kukaza kidogo, kwa kuwa plastiki ikivimba na kusinyaa mara ya kwanza nati hulegea.

Watu huuliza kuhusu chujio. Kwa pombe ya shayiri, wenzetu wa Ulaya huweka wavu laini ndani ya deli kwa sababu wanachotaka ni maji matamu tu, na maganda yenyewe ya shayiri yanajipanga kuwa chujio. Togwa ina unga uliopikwa. Wavu laini utaziba kwa vikombe vitano. Sisi tunachekecha kimea kabla ya kukikoroga, na togwa ikishalegea tunaipitisha kwenye kung'uto wakati wa kuihamisha. Kwenye elbo hatuweki kitu.

Kuosha, kila siku

Bolvalvu ina siri. Ukiifunga, togwa iliyo ndani ya tundu la tufe inabaki humo, na nyingine inajificha nyuma ya tufe. Ukisuuza koki ikiwa wazi kabisa, maji yanapita katikati na kuiacha ile ya nyuma ikiendelea kuchacha. Kesho inaharibu togwa mpya, nawe unalaumu kimea. Kwa hiyo mimina maji ya moto, fungua koki nusu, ifunge na kuifungua mara kumi maji yakiwa yanapita, halafu iache nusu wazi deli likikauka. Yenye vipande vitatu tunaifungua kila Jumapili: boliti nne, toa tufe na pete zake nyeupe, sugua kwa mswaki, rudisha. Dawa za klorini usizilaze usiku ndani ya koki. Zinaitoboa stenlesi vijitundu. Maji ya moto na sabuni vinatosha.

Safarini funga mpini kwa mpira usifunguke. Dereva wa bodaboda akikaza kamba juu ya koki, uzito wote unaenda kwenye ukuta mwembamba wa deli. Tumepigilia fremu ndogo ya mbao inayopokea kamba badala ya koki.

Kama deli lako limeshalowa

Usilitupe bado. Toa koki, toboa vijitundu vinne vya milimita 5 kwenye kitako upande wa nje, pembeni, usiguse kitako cha ndani. Liegemeze juani mchana, mfuniko wazi, usiku liingize ndani. Langu lilidondosha maji siku tatu, na lilichukua karibu wiki mbili hadi uzito uliporudi na harufu kuisha. Pima kwa mizani ya dukani siku ya kwanza na kila baada ya siku mbili. Uzito ukiacha kushuka, ziba vijitundu kwa silikoni, ndipo uanze kazi ya bushi. Harufu ikibaki baada ya uzito kutulia, povu limeoza. Deli hilo libakize kwa barafu na samaki, togwa itafutie jingine.